RN1: Musituambie tena kama ni shofere tu

Wandugu wakaaji wa Lubumbashi, Kasumbalesa, Likasi na Fungurume,

Kila mara gari inagongana na kamyo kwenye RN1, tunasikia maneno yale yale mu redio: shofere alikuwa anakimbia, shofere alikunywa, shofere hakuheshimu kanuni. Kisha wakubwa wanatoa pole, mabaki ya gari yanasukumwa pembeni, na peaje inaendelea kukata tikiti. Kesho yake msururu wa makamyo unapita palepale.

Sisi vijana tunakataa maelezo hayo. Hatusemi mashofere wote ni watakatifu. Anayekunywa na kushika usukani ahukumiwe. Lakini njia inayoua watu mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, na mashofere tofauti kila mara, iko na ugonjwa wake yenyewe. Na ugonjwa ule unapimwa. Kuna elimu yake, kuna hesabu yake, na wengi kati yetu tuliisoma pale Unilu mbele ya kurudi nyumbani kukaa na diploma bila kazi. Tutaieleza hapa kwa maneno ya kawaida, ili siku nyingine mukubwa akisema "ni shofere", kila mama wa soko aweze kumuuliza swali la pili.

Njia ya mistari miwili, mzigo wa inchi nzima

Kutoka Lubumbashi kwenda Kasumbalesa ni kilomita 90 hivi. Kutoka Lubumbashi kwenda Likasi ni karibu 120, na kutoka Likasi hadi Kolwezi 180 hivi. Karibu yote, ukitoka mu mji, ni njia ya mistari miwili: mmoja wa kwenda, mmoja wa kurudi. Juu ya mistari hiyo miwili kunapita shaba na kobalti kwenda Dar es Salaam, Durban na bandari zingine. Kwa kurudi kunapita salfa, mazutu, chokaa, mashine, unga wa mahindi na karibu kila kitu tunachokula na kuvaa.

Tufanye hesabu ya shule. Mwaka wa 2023 Kongo ilitoa shaba tani zaidi ya milioni 2.8. Tuseme kamyo moja inabeba tani 30. Hiyo ni safari zaidi ya 93,000 kwa mwaka, ni kusema karibu 255 kwa siku. Kila kamyo inayotoka lazima irudi: 510 kwa siku. Gawanya kwa saa 24: kamyo moja kila dakika tatu, usiku na mchana, Siku-Kuu na Jumapili. Ni kweli sehemu moja inapita Sakania, Mokambo ao kwa reli. Lakini hatujahesabu salfa, hatujahesabu mazutu, hatujahesabu chakula, hatujahesabu mabasi na taksi. Na sehemu ya shaba inatoka ikiwa bado imechanganyika na vitu vingine, kwa hiyo mzigo wenyewe unapita tani zile.

Na pembeni ya makamyo hayo iko nani? Iko baba anayesukuma baiskeli ya makala kuingia Lubumbashi tangu saa tisa ya usiku. Iko watoto wa masomo. Iko mama mwenye beseni kichwani. Njia ni moja, wote wako pale.

Kamyo inapopanda, njia inafungwa

Mtu wa ofisi anaweza kutuambia: "Vijana, njia ya mistari miwili inaweza kupitisha gari 1,700 kwa saa kwa upande mmoja. Yenu haifiki pale. Shida iko wapi?"

Namba 1,700 si ya uongo. Iko katika Highway Capacity Manual, kitabu cha Wamarekani ambacho mainjinia wanatumia tangu 1950, na chapa yake ya mwaka 2000 inaiandika wazi. Lakini musisome mustari mmoja na kuruka ingine. Kitabu hicho hicho kinasema mambo mawili. La kwanza: namba ile ni ya gari ndogo, na kamyo kwenye mulima inahesabiwa kama gari ndogo kadhaa. La pili ni kubwa zaidi: kwenye njia ya mistari miwili, uzuri wa njia haupimwi tu kwa wingi wa gari. Unapimwa kwa wakati ambao shofere anapoteza akifuata gari ingine nyuma, bila nafasi ya kupita. Njia inaweza kuonekana tupu kwenye karatasi, na wewe ukatembea saa nzima ukitazama mlango wa nyuma wa remorki.

Juu ya nini? Juu ya uzito na nguvu. Tuchukue kamyo ya tani 56, kipimo cha mwisho ambacho COMESA na SADC wanakubali, yenye injini ya nguvu ya farasi 420. Mahali pa tambarare inatembea vizuri. Sasa ipeleke kwenye mulima wa asilimia nne, ni kusema kila mita 100 inapanda mita 4. Fizikia ya sekondari inatosha: mwendo wake unashuka mpaka kilomita 35 hivi kwa saa na kubaki pale. Ikiwa injini ni ya zamani, ya farasi 320, inabaki 26. Ikiwa ile ya kwanza wameijaza tani kumi zaidi ya kipimo, inafika 29 tu. Shofere akanyage namna gani, haitapita pale. Mashofere wa Tanzania wanaokuja huku walishajifunza jambo hilo kwenye mulima wa Kitonga, kule Iringa, mbele hata ya kufika Tunduma.

Tuendelee. Mulima una urefu wa kilomita tatu. Gari ndogo inayotembea 80 inaumaliza kwa dakika mbili na robo. Kamyo ya 26 inahitaji karibu dakika saba. Ikiwa gari 120 zinakuja kwa saa moja upande ule, mbele kamyo haijafika juu, gari tisa zitakuwa zimejikusanya nyuma yake. Na hiyo ni kamyo moja. Sisi sote tunajua kama hapa kwetu makamyo hayatembei moja-moja. Yanatoka kwenye mpaka ao kwenye parking kwa makundi, tano, kumi, remorki kwa remorki.

Sasa ndani ya zile gari tisa kuna taksi-basi yenye abiria 18, kuna mugonjwa anayepelekwa hospitali, kuna mufanyabiashara mwenye samaki ya baridi inayoanza kuyeyuka. Kila mmoja anafanya hesabu yake kichwani: nipite ao nisipite?

Mita mia nne za maisha

Ukitaka kupita kamyo moja ya mita 22 inayotembea 50, na wewe unatembea 80, unahitaji sekunde tisa hivi kwenye mustari wa wengine, ukiweka nafasi kidogo mbele na nyuma. Kwa sekunde zile unatembea mita 200. Basi linalokuja mbele yako kwa 80 nalo linatembea mita 200. Kwa hiyo unahitaji kuona mita 400 tupu mbele ya kuanza.

Kama ni makamyo tano yanayofuatana karibu-karibu, sekunde zinakuwa 24 na zaidi. Unahitaji kuona kilomita moja na mita mia hivi, bila kona, bila kilele cha mulima, bila vumbi, bila moshi wa makala. Tuambieni, wandugu: kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, kilomita tupu namna ile ziko ngapi? Kati ya Lubumbashi na Likasi ziko ngapi? Shofere anayesubiri nafasi ile anaweza kusubiri nusu saa. Siku moja uvumilivu unaisha. Siku ile tunaita "makosa ya kibinadamu".

Na kuna jambo lingine ambalo ni la hapa kwetu kabisa. Kongo tunatembea upande wa kuume. Zambia, Tanzania na Afrika Kusini wanatembea upande wa kushoto, na makamyo yao yana usukani kuume. Wakivuka Kasumbalesa wanageuza upande, lakini usukani haugeuki. Shofere wa namna ile anakaa pembeni ya majani, si katikati ya njia. Ili aone kama kuna mtu anakuja, lazima atoe kwanza pua ya kamyo nzima mu mustari wa wengine. Hata gari ndogo nyingi za mu Lubumbashi ziko vile vile, zilitoka Japani na usukani wa kuume. Ni shofere ndiye aliumba jambo hilo? Serikali inajua, mpaka unajua, na hakuna hata kipande kimoja cha njia kilichotengenezwa kwa kulifikiria.

Matokeo mwayajua. Tarehe 20 Februari 2019, kwenye njia ya Kolwezi, katika kijiji cha Kabwe karibu na Tenke, kamyo iliyobeba asidi iligongana na gari la abiria. Watu karibu 20 walikufa, wengine waliunguzwa na asidi. Na mwanzoni mwa RN1 hii hii, kule Mbuba mu Kongo Central, tarehe 6 Oktoba 2018, kamyo ya mafuta iligongwa, moto ukawaka na watu zaidi ya 50 wakafa. Kilomita zaidi ya elfu moja kati ya pale na hapa, na ugonjwa ni mmoja: mzigo wa hatari na abiria kwenye lami moja nyembamba, kila mmoja akitafuta nafasi yake.

Nani anaharibu lami?

Kati ya mwaka 1958 na 1960, Wamarekani walijenga njia ya majaribio karibu na Ottawa, jimbo la Illinois. Wakapitisha makamyo ya uzito mbalimbali mpaka lami ikapasuka, wakahesabu. Walichopata kinafundishwa mpaka leo: uharibifu unapanda kwa kizidisho cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa maneno mepesi: ekseli ya tani 13 haiharibu kidogo tu kupita ekseli ya tani 10. Inaharibu karibu mara tatu. Na ekseli ya tani 10 inaharibu mara 10,000 kupita ekseli ya tani moja.

Kwa hiyo ile taksi-basi inayolipa peaje kila siku haikutoboa shimo lolote. Baiskeli ya makala haikutoboa. Shimo linatobolewa na uzito, na linapanuliwa na mvua kuanzia Novemba. Kisha shimo lile linafanya kamyo ipunguze mwendo ao ikwepe kuingia mustari wa kinyume, na tunarudi palepale: msururu, haraka, kugongana. Mzigo unaopita kipimo unatupiga mara mbili, kwanza kwenye mulima, halafu kwenye lami.

Na musiseme elimu hii ni ya Wazungu, haihusu njia za Afrika. Kati ya 1971 na 1974, maabara ya njia ya Uingereza, TRRL, pamoja na Benki ya Dunia, walipima njia za Kenya: mwendo wa makamyo kwenye milima, mazutu inayoliwa, lami inayochoka. Kutoka mu kazi ile kulizaliwa mfano wa hesabu ulioitwa RTIM, kisha HDM, na leo HDM-4 inatumiwa na Benki ya Dunia na serikali nyingi kuamua njia gani itengenezwe na kwa pesa ngapi. Ni kusema, hesabu hii ilianzia Afrika ya Mashariki, mbele wengi wetu hatujazaliwa. Kongo tuliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tuchukue basi na elimu yao, si bendera tu.

Majibu tunayopewa

"Pesa hakuna." Hapana. Peaje tunalipa tangu zaidi ya miaka kumi. FONER, mfuko wa kutunza njia, iliundwa na sheria ya 2008, na kila litre ya esansi na mazutu inaweka kitu ndani yake. Mama anayepanda taksi-basi amelipa njia, hata kama hajui. Swali letu si kama pesa iko. Swali letu: kwa kila kilomita ya njia hii, mwaka uliopita, iliingia ngapi na ilirudi ngapi?

"Mungojee, tutajenga njia ya mistari minne." Tutashukuru. Zambia walianza kweli: tangu 2023 wanapanua Lusaka–Ndola, kilomita 327. Lakini fikirini: siku wanamaliza, makamyo yatafika kwetu haraka zaidi, na yatakuta mistari miwili ileile. Na mbele ya mistari minne kuna dawa ndogo zinazofanya kazi. Mustari wa tatu kwenye milima tu, wa kilomita moja ao mbili, kamyo ikae kuume, wengine wapite. Waswidi, tangu 1998, wanachukua njia zao na kuzifanya mistari mitatu, wa katikati ukibadilishana upande, na waya wa chuma kati. Vifo vilishuka sana. Hawakungojea kuwa na pesa ya kujenga kila kitu upya.

"Reli itachukua mzigo." Tunaingojea kwa mikono miwili. Reli ilifika hapa mu 1910, babu zetu waliona shaba ikitoka kwa treni. Mwaka 2024 shaba ilianza kupita tena kwa Lobito kwenda Marekani. Vizuri. Lakini mutoto anayevuka njia kesho asubuhi hatavushwa na treni ya miaka kumi ijayo.

Tunachodai

Kwa gavana na bunge la jimbo, kwa Office des Routes, kwa FONER na wale wote wanaokata tikiti kwenye njia hii:

1. Gari zihesabiwe. Saa 24, siku saba, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa na kati ya Lubumbashi na Likasi. Zihesabiwe kwa aina na kwa mwendo, na urefu wa misururu upimwe. Vijana wenye diploma ya ujenzi wamejaa mu mji huu, kazi hii wanaiweza.

2. Makamyo yapimwe uzito, yote, bila makuta ya mukono kwa mukono. Kila mwezi itangazwe: yalipimwa ngapi, yalipita kipimo ngapi, mzigo wa ziada ulishushwa wapi.

3. Orodha ya milima ambapo kamyo iliyojaa inashuka chini ya kilomita 40 kwa saa itolewe kwa raia, na milima ile ipewe mustari wa tatu ao parking ya kupisha. Kuanzia ile iliyoua zaidi.

4. Kundi la makamyo lisipite matatu, na kati ya kundi na kundi kubaki nafasi ya kutosha gari kuingia. Asidi na mafuta vitembee na gari ya kuonya mbele, na visipite mu Fungurume wakati watoto wanaenda masomo.

5. Kila aksida iliyoua iandikwe na kilomita yake, na orodha itangazwe. Leo tunazika watu, na mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka ni kona gani.

6. Hesabu ya peaje na ya FONER kwa njia hii iwekwe wazi, franka kwa franka.

Hakuna dai moja hapa linalohitaji mwujiza. La kwanza linahitaji kalamu na saa.

Tunaanza sisi

Hatutangojea jibu tukikaa. Tutaanza kuhesabu wenyewe, kwa zamu ya saa sita, watu wawili-wawili. Ukitaka kujiunga, leta daftari na chora safu tano: gari ndogo, basi, kamyo iliyojaa, kamyo tupu, pikipiki na baiskeli. Andika saa ya kila moja. Kila mara kamyo inapita, andika gari ngapi ziko nyuma yake zimebanana. Kaa mbali na lami, hatua kumi na zaidi, mahali penye kivuli na panapoonekana. Usisimamishe mtu, usibishane na polisi, usipige picha ya plaki ya mtu. Tunahesabu tu. Kuhesabu haikatazwi na sheria yoyote.

Mashofere wa makamyo, ninyi pia tunawaita. Munalala mu kabini siku nyingi pale Kasumbalesa, kisha munaambiwa mukimbie. Munajua kila mulima na kila shimo kupita injinia yeyote. Tuambieni ni wapi kamyo inachoka, ni wapi munaogopa. Ninyi si adui wa raia.

Mabibi na mabwana wa makampuni ya madini, shaba yenu inapita mbele ya milango yetu. Munajua uzito wake mpaka gramu ya mwisho, juu munauza kwa uzito. Basi tunajua kama kupima munaweza. Pimeni na njia.

Na ninyi wakubwa: tutakapoleta daftari zetu kwenye ofisi yenu, musituulize nani ametutuma. Tuonyesheni zenu. Ikiwa namba zenu ni nzuri kupita zetu, tutazitangaza hapa hapa, kwenye ukurasa huu. Ikiwa hamuna namba, basi mara ijayo watu wakifa kwenye njia, mukae kimya kuhusu shofere mpaka muzipate.

Njia ni ya wote. Tuihesabu, tuipime, tuitengeneze.

Vijana raia wa Lubumbashi